Nitampataje mtaalamu wa tiba ya saikodainamiki, na huko ndani hufanyika nini?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwanamke wa miaka 34. Mwaka jana nilihudhuria vikao 10 vya tiba ya mazungumzo kwa sababu ya wasiwasi na kukosa usingizi. Nilifundishwa kuyaandika mawazo yanayonisumbua na kuyapima kama yana ukweli, na kwa kweli usingizi ulirudi. Lakini kuna jambo halikuguswa. Kila mtu anaponipenda nami nikaanza kumzoea, natafuta sababu ya kuondoka. Kazini ni vivyo hivyo: nimeacha kazi tatu, zote baada ya kugombana kimoyomoyo na mkuu wangu bila kumwambia neno. Mtu ninayemwamini ameniambia nitafute mtaalamu wa saikodainamiki. Nimesikia ni tiba ya kulala kwenye kochi na kusimulia habari za mama yako kwa miaka kumi. Ni kweli? Nitamtambuaje anayeijua, na nitajuaje kama inanifaa?

JIBU: Dada yangu, asante kwa kuandika. Katika barua yako kuna maneno matatu ambayo ningekuomba uyashike tangu sasa: "bila kumwambia neno". Tutayarudia.

Nianze na vikao vyako vya mwaka jana. Havikushindwa. Ulichopata kinafanana sana na tiba ya utambuzi na tabia, na ilifanya kazi iliyokusudiwa, yaani kupunguza dalili. Unachouliza sasa ni kitu kingine: kwa nini hadithi ileile inajirudia, wahusika wakibadilika na mwisho ukibaki uleule. Hapo ndipo penye kazi kubwa ya tiba ya saikodainamiki.

Wazo la msingi linaelezeka kwa maneno ya kawaida. Mengi yanayotusukuma hatuyaoni. Tukiwa wadogo tunajifunza namna ya kuishi na watu waliotulea, na tunajifunza vizuri, kwa sababu tunawahitaji. Mtoto anayegundua kwamba kila akiomba kitu mtu mzima hukasirika, huacha kuomba. Huo ni werevu, unamlinda. Tatizo ni kwamba werevu ule haumwachi anapokua. Miaka thelathini baadaye yuko mbele ya meza ya mkuu wake, ana haki ya kuomba au kulalamika, na ulimi unagoma. Hajui kwa nini, na mara nyingi hata hajui kwamba umegoma. Anachojua ni kwamba mkuu huyu hafai na ni wakati wa kutafuta kazi nyingine. Sisemi kwamba hii ndiyo habari yako. Sikujui, na mtu anayekupa maelezo ya maisha yako yote kutokana na aya moja anapaswa kukutia shaka. Natoa mfano tu ili uone ni aina gani ya mambo yanayotafutwa.

Sasa kochi. Mizizi ya tiba hii iko Vienna mwishoni mwa karne ya 19, kwa Sigmund Freud na daktari mwenzake Josef Breuer. Mgonjwa mmoja wa Breuer, anayejulikana katika maandishi yao kwa jina la Anna O., ndiye aliyeipa kazi hiyo jina la "tiba ya kuzungumza". Na alilitamka jina hilo kwa Kiingereza, ingawa lugha yake ilikuwa Kijerumani, kwa sababu wakati wa ugonjwa wake kulikuwa na kipindi ambacho Kijerumani kilimpotea. Kutokana na kazi ile Freud aliunda uchanganuzi nafsi, yaani tiba ya kuyachimbua kwa mazungumzo yale yaliyojificha ndani ya mtu. Kochi ni la huko: mteja hulala, mtaalamu huketi nyuma yake, na wanakutana mara tatu hadi tano kwa wiki, kwa miaka.

Saikodainamiki ni mtoto wa uchanganuzi nafsi, aliyekua na kubadilika. Donald Winnicott, aliyekuwa daktari wa watoto, na John Bowlby, aliyechunguza jinsi mtoto anavyojifunga kwa mlezi wake na yanayomtokea wakitenganishwa, walisaidia kuihamisha shabaha kutoka kwenye tamaa zilizofichwa kuja kwenye uhusiano baina ya watu. Leo utaketi kwenye kiti ukitazamana na mtu. Mtakutana mara moja kwa wiki, pengine mbili, kwa dakika 45 au 50. Zipo aina fupi zenye idadi ya vikao inayojulikana tangu mwanzo. Mojawapo inayotolewa Uingereza kwa watu wenye sonona ina vikao 16. Zipo pia zisizo na kikomo kilichopangwa. Kwa jambo lililokufuata kazini na nyumbani kwa miaka, mimi ningekushauri ujiandae kwa mwaka mmoja au zaidi. Miaka kumi si kanuni.

Na ndani ya chumba hufanyika nini? Utaketi, naye atakaa kimya akikusubiri. Hakuna ajenda wala karatasi ya mazoezi. Unaombwa useme linalokujia, hata likionekana dogo, la aibu au lisilohusika. Wengi wiki za kwanza wanauona ukimya huo kuwa mgumu. Mtaalamu mzuri hakuachi uzame ndani yake, lakini pia hakimbilii kuujaza, kwa sababu kinachokujia pale ambapo hakuna aliyekuuliza swali ndicho kitu chako mwenyewe. Yeye anasikiliza yanayojirudia, yanayorukwa, na mahali unapobadilisha mada au kucheka ghafla. Ukileta ndoto, mtaitazama. Ukileta ugomvi wa jana, vilevile. Utoto unazungumzwa pale unapojitokeza katika mambo ya leo, wala mama yako hapelekwi mahakamani.

Kiini cha tiba, hata hivyo, ni uhusiano wako na mtaalamu mwenyewe. Namna tunavyowaona watu wa muhimu kwetu hatuiachi mlangoni. Tunaingia nayo na kumvika yule aliyeketi mbele yetu. Wataalamu wanaita jambo hili uhamishaji wa hisia. Utamwona amekuchoka wakati anapiga miayo kwa sababu hakulala. Utahisi anakudai shukrani. Utamzoea, kisha utaanza kutafuta sababu ya kuondoka. Katika maisha ya kawaida jambo hilo lingeishia kwenye kuondoka. Humu linasimamishwa na kutazamwa na watu wawili likiwa bado moto.

Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi hii, mimi pia niliketi kwenye kiti cha mteja, kama tunavyotakiwa. Wiki tatu mfululizo nilichelewa dakika kumi, kila wiki nikiwa na sababu ya kweli kabisa. Mara ya tatu mtaalamu wangu aliniambia kwa upole, "Naona tumepoteza nusu saa tangu uliponiambia kwamba umekasirika." Nilibisha. Kisha nikanyamaza, kisha nikalia, maana ilikuwa kweli: nilishasema neno la hasira na nilikuwa nikisubiri adhabu. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuhusu jambo hilo na sikuwa nimewahi kuliona kwangu. Tangu siku hiyo najua tofauti ya kuelezwa na kuonyeshwa.

Utauliza kama kuna ushahidi, na ni haki yako. Mwaka 2010 mwanasaikolojia Jonathan Shedler alichapisha mapitio ya tafiti yaliyoonyesha kwamba tiba hii inaleta manufaa ya kweli, na kwamba mara nyingi manufaa hayo yanaendelea kukua baada ya tiba kwisha. Mwaka 2015 utafiti wa kliniki ya Tavistock, London, uliwafuatilia watu wenye sonona sugu waliopata tiba ya aina hii kwa miezi 18. Tofauti kubwa kati yao na waliopata huduma ya kawaida ilikuja kuonekana baadaye, katika miaka miwili baada ya tiba. Linganisho la pamoja la tafiti nyingi, la mwaka 2017, likaona kwamba kwa jumla matokeo yake yanalingana na ya tiba nyingine zilizothibitishwa. Kulingana, si kushinda. Anayekuambia hii ndiyo tiba pekee yenye kina anakuuzia kitu.

Kuna hali ambazo nisingemwanzisha mtu hapa. Mwenye ugonjwa wa kurudiarudia matendo kwa kulazimika, kama kunawa au kukagua mlango, au mwenye hofu ya kitu kimoja mahususi, aanze na tiba ya utambuzi na tabia, ile inayomkutanisha taratibu na anachokiogopa. Mwenye mawazo ya kujiua, anayesikia sauti, au aliyezamishwa na pombe, amwone kwanza daktari wa magonjwa ya akili au aende hospitali. Dawa na tiba hii vinaweza kwenda pamoja, kwa hiyo kama unatumia dawa usiiache ili uanze.

Kumpata mtu sasa. Anza na yule wa mwaka jana: mwambie ulichoniambia na umwombe akuelekeze kwa mwenzake. Wataalamu wanajuana, na njia hii mara nyingi inashinda kutafuta peke yako. Njia ya pili ni vyama na vyuo vinavyofundisha kazi hii. Jumuiya ya Kimataifa ya Uchanganuzi Nafsi ipo tangu 1910, na vyama vilivyo chini yake huwa na orodha za wanachama, ambao wengi hutoa pia tiba nyepesi ya mara moja kwa wiki. Vyuo vingi vina kliniki ambako wanafunzi wa hatua za mwisho hutoa tiba kwa gharama ndogo wakisimamiwa na wazoefu. Usiwadharau. Mwanafunzi mwenye wateja wawili anayejadili kila kikao na msimamizi wake anaweza kukupa usikivu mkubwa kuliko mzoefu aliyejaza saa zake zote. Kama ulipo hakuna mtu karibu, tiba kwa njia ya video inafanyika, mradi una chumba chenye faragha na saa isiyoingiliwa.

Majina yatakuchanganya. Wengine hujiita wa saikodainamiki, wengine wa uchanganuzi nafsi, wengine husema wanafanya kazi kwa misingi ya uhusiano au ya nadharia ya Bowlby. Wote hao ni ukoo mmoja. Anayeorodhesha mbinu ishirini na saikodainamiki ikiwa ya kumi na tano, muulize vizuri. Hakikisha kwanza kwamba amesajiliwa na bodi au chama kinachoweza kupokea malalamiko dhidi yake, maana sehemu nyingi neno "mshauri" halilindwi na sheria na yeyote anaweza kulibandika mlangoni. Kisha muulize kwa simu: alisomea wapi tiba hii hasa na kwa muda gani? Je, yeye mwenyewe amewahi kuwa mteja katika tiba ya namna hii? Je, ana mtu anayejadili naye kazi yake? Swali la pili ndilo ninalolithamini zaidi. Si lazima akusimulie yaliyomo, ila asione ajabu kuulizwa.

Vikao viwili au vitatu vya mwanzo ni vya kupimana. Mtakubaliana siku, saa, malipo, kikao usichohudhuria kitahesabiwaje, na likizo zake. Atakueleza siri yako inalindwaje na ni lini hawezi kuitunza, kwa mfano maisha ya mtu yakiwa hatarini. Msimamo huu mkali wa saa na mipaka una kazi yake: ukichelewa au ukisahau, kuna kitu cha kuzungumzia. Usitarajie akusimulie maisha yake. Lakini akikugusa isivyofaa, akitaka urafiki, biashara au mapenzi, ondoka siku hiyohiyo na utoe taarifa, hata kama ameipamba kwa maneno ya kitaalamu.

Kutojisikia vizuri baada ya kikao si dalili mbaya peke yake; pengine mmefika mahali penye kidonda. Mimi ningeangalia mambo mawili. Je, anasema mara kwa mara kitu kuhusu wewe ambacho hukukijua na ambacho kinakukaa kichwani hadi wiki inayofuata? Na je, ukimwambia amekosea, anafanya nini?

Hapo ndipo maneno yako matatu yanaporudi. Kwa ulivyojieleza, siku itafika, labda wiki ya tano, labda mwezi wa nne, utakapomwona hafai, na sababu zitakuwa nzuri na zitakuja nyingi. Usitume ujumbe wa kughairi. Nenda, keti, umwambie kwamba ulitaka kutokuja, na umtajie sababu zote. Akitaka kujua zaidi, baki. Akikasirika, akijitetea au kukulaumu, una haki ya kutafuta mwingine, na safari hii utakuwa umeondoka baada ya kusema.