Kusafisha kisiki cha tangi wakati kambare amejificha ndani

Kabla hujaingiza mkono kwenye tangi la samaki, zima taa, chukua tochi, umulike kila tundu la kisiki, yaani kile kipande cha mti kilichomo majini. Kama unafuga kambare wa kujificha, kuna uwezekano mkubwa kwamba yumo. Na kama yumo, ile kazi uliyodhani ni ya kuchomoa na kusugua inabadilika kabisa, maana samaki huyu hatoki kwa kupigiwa hodi.

Ninaowafuga mimi, hapa Dar es Salaam, ni kambare chali, wale wadogo wanaoogelea tumbo juu. Jina lao la kitaalamu ni Synodontis nigriventris. Kwao ni bonde la mto Kongo, hadi kwenye maji mapana ya Pool Malebo kati ya Kinshasa na Brazzaville. Ni ukoo mmoja na gogogo wanaovuliwa katika maziwa yetu, ila hawa hata wakikomaa hawavuki sentimita 10. Tumbo lao ni jeusi kuliko mgongo, kinyume cha samaki wengi, na sababu iko wazi ukiwatazama wakiogelea: upande unaoelekea juu ndio unaopaswa kufanana na giza la chini. Wachoraji wa Misri ya kale walimchora ndugu yao wa mto Nile akiwa kichalichali vivyo hivyo. Ni samaki wa kupendeza mno, na kwa miaka ninayowafuga nimeona kwamba wengi huumizwa na usafi wa mwenye tangi kuliko uchafu wenyewe.

Mchana hujibana chini ya mti au ndani yake, tumbo likiwa limegusana na dari ya tundu. Giza likiingia hutoka kutafuta wadudu juu ya maji. Ukimshtua mchana, hakimbii nje kama samaki wengine, bali huingia ndani zaidi. Kisha husimamisha mwiba wa mgongoni na ile miwili ya ubavuni, na miiba hiyo hujifunga ikakaza. Haiwezi kulazwa kwa kusukumwa. Ukimvuta mkia utamchana. Ukimchokoa kwa kijiti utamtoboa, kwa sababu hana magamba ya kumkinga. Ukikitoa kisiki nje ya maji ukakitikisa ili aanguke, atazidi kujikaza huku akikosa hewa. Ukisikia mlio wa kukwaruza kutoka ndani, ni yeye, anasugua mwiba wa ubavuni kwenye tundu la mfupa wake. Ukifikia hapo, rudisha kisiki majini umwache.

Swali la kwanza basi ni kama kisiki kinahitaji kusafishwa. Mara nyingi hakihitaji.

Kisiki kipya huota ute mweupe, laini, unaopepea kwenye maji. Huo ni ukungu na bakteria wanaokula sukari iliyobaki kwenye mti. Unachukiza macho lakini haudhuru samaki, na huisha wenyewe baada ya wiki kadhaa. Ukikukera, unyonye kwa mpira siku unapobadilisha maji. Maji kuwa na rangi ya chai nayo si uchafu. Ni tanini inayotoka kwenye mti, na samaki wa Kongo ameumbwa kwa maji ya namna hiyo. Mto Ruki na ziwa Mai-Ndombe yana maji meusi zaidi ya chochote kitakachotokea kwenye tangi lako. Mimi rangi hiyo naiacha, na nadhani samaki wangu hutoka mapema zaidi jioni maji yakiwa na kivuli kidogo. Mwani wa kijani juu ya mti nauacha pia, labda niukwangue upande wa mbele unaotazama sebuleni.

Yako mambo mawili ambayo hayasubiri. La kwanza ni tundu lenyewe. Chakula kinachozama huingia humo, kinyesi hurundikana, maji hayapiti, na baada ya muda pale ndani panaoza. Dalili yake ni tope la kijivu linalotoka ukipuliza maji, au harufu ya yai viza ukikisogeza kisiki. La pili ni mti wenyewe kulegea hadi kidole kinazama. Zile ndevu nyeusi, aina ya mwani unaoota kwenye ncha za mizizi, ziko katikati: haziui samaki, lakini zikiachwa huhamia kwenye mimea na ni kazi kuziondoa.

Tundu chafu halihitaji kisiki kitoke. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 60, usichukue sindano, halafu tafuta mpira mwembamba wa hewa, ule wa pampu ya tangi, uuvalishe mdomoni mwa bomba. Fanya kazi hii usiku, taa ikiwa imezimwa kwa saa moja hivi, kambare wameshatoka. Mwanga wa tochi uufunike kwa karatasi nyekundu ya nailoni, kwa kuwa mwanga mwekundu huwasumbua kidogo kuliko mweupe. Kwa mkono mmoja puliza maji taratibu ndani ya tundu; kwa mwingine shika mpira wa kunyonya maji karibu na mdomo wa tundu, ili tope linalotoka lisitawanyike kwenye tangi lote. Ukiona sharubu zinachomoza, acha. Mmoja hakutoka leo, na tundu litasubiri hadi kesho usiku.

Ukifanya hivi kila unapobadilisha maji, utapita muda mrefu sana bila haja ya kukitoa kisiki. Kati ya ushauri wote nilionao kuhusu samaki hawa, huu ndio ninaoutilia mkazo kuliko mingine.

Siku ikifika ya kukitoa kweli, kwa mfano ndevu nyeusi zimekizunguka chote, anza maandalizi siku chache kabla. Kambare hawezi kuachiwa tangi tupu. Weka maficho mengine karibu na kisiki: kifuu cha nazi kilichotobolewa na kuchemshwa, chungu kidogo cha udongo kisichopakwa rangi, au kipande cha bomba la plastiki la maji. Kifuu ndicho ninachokipendelea, kwa kuwa ni cheusi ndani na dari yake ni ya mviringo, na kambare chali anataka dari zaidi ya anavyotaka sakafu. Samaki hawa hupenda kukaa kundi, kwa hiyo maficho yawe zaidi ya moja, wenye nguvu wasije wakawafungia wanyonge nje.

Usiku wa kazi, subiri giza, hesabu samaki wako wote kwa macho. Hesabu tena. Wakiwa nje wote, ziba kila tundu la kisiki kwa vipande vya sponji safi, kisha kinyanyue polepole. Hakuna kufukuzana na hakuna wavu. Ni njia ya subira, na sijaona iliyo bora zaidi.

Kuna nyakati haiwezekani. Tangi limepasuka, au unahama nyumba, au kisiki kinaoza na maji yanaanza kunuka, na kambare yumo ndani hataki kutoka. Hapo mhamishe na nyumba yake. Jaza ndoo au beseni pana kwa maji ya tangi hilohilo. Ingiza beseni jingine dogo ndani ya tangi, lizamishe chini ya kisiki, ulisogeze mpaka kisiki kikae ndani yake, halafu uinue vyote pamoja na maji yake. Samaki asibaki mkavu hata kidogo. Mimina polepole kwenye ndoo, weka kijiwe cha hewa (kile kinachotoa mapovu ya pampu), funika kwa kitambaa cheusi, na kifuu kiwe pembeni. Kisha nenda ukafanye kazi nyingine. Ndani ya giza lile, akishaona hakuna anayemsumbua, hutoka mwenyewe. Wakati mwingine saa chache, wakati mwingine hadi usiku. Usisahau hewa. Maji ya Dar yakiwa nyuzi 30 hubeba oksijeni pungufu kuliko yakiwa baridi, na ndoo ndogo huishiwa haraka. Umeme wetu unajulikana, hivyo pampu ndogo ya betri ni kitu cha kuwa nacho nyumbani.

Wavu usiutumie kwa samaki huyu kama kuna njia nyingine. Miiba yake ina vijino, na ikinasa kwenye nyuzi unaweza kuhangaika hadi afe mkononi. Mtege kwa kopo la plastiki angavu. Kama ameshanasa, kata wavu, wavu hununuliwa. Na akikuchoma, osha jeraha, loweka kidole kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, na ukiona kinavimba nenda zahanati.

Kisiki kikishakuwa nje na umehakikisha kwa tochi kwamba hakina mtu, usafi wenyewe ni mwepesi. Mswaki mpya au brashi ngumu isiyowahi kugusa sabuni, na maji. Sabuni hapana, hata tone. Dawa ya kufulia ya klorini hapana pia. Mti hunywa kila unachoupaka na kukitoa taratibu ndani ya tangi, na mwenye kuipata kwanza ni yule anayelala humo na ngozi tupu. Kwa mwani wa kawaida, kumwagia maji ya moto yanayochemka na kusugua kunatosha. Kukichemsha kisiki chote kwenye sufuria kubwa kwa saa moja au mbili huua karibu kila kitu, lakini usifanye mara kwa mara, kwani huulegeza mti. Na ukikichemsha, kiache kipoe mpaka ndani. Nje kinaweza kuwa baridi na moyo wake ungali unafuka.

Kwa ndevu nyeusi, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa hufanya kazi vizuri. Paka kwa brashi kisiki kikiwa nje, acha dakika tano, suuza, kisha kiloweke kwenye maji safi. Peroksaidi huvunjika ikawa maji na oksijeni, kwa hiyo haikai kwenye mti kama sabuni. Ndevu zitageuka nyekundu au nyeupe na kunyauka baada ya siku kadhaa. Wapo wanaoimwaga moja kwa moja ndani ya tangi. Kwa samaki asiye na magamba mimi sikubali kabisa.

Maji ya kusuuzia ya mwisho yawe yametolewa klorini, kwa dawa ya tangi au kwa kuachwa wazi kwenye ndoo siku nzima. Kama chanzo chako cha maji kinatiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kuacha wazi hakusaidii; tumia dawa. Wenye visima vyenye chumvi watumie maji yaleyale wanayojazia tangi.

Kitu kinachosahaulika sana ni kwamba juu ya kisiki wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa naitraiti na kisha naitreti. Ukikichemsha umewaua wote. Basi wiki hiyo usioshe chujio, usibadilishe mchanga, na punguza chakula. Ukiwa na kipimo cha amonia, pima kila siku. Kikionyesha chochote juu ya sifuri, badilisha robo ya maji.

Unapokirudisha, kiweke mahali palepale na tundu litazame upande uleule. Kambare hutafuta njia kwa kumbukumbu na kwa sharubu zaidi ya macho, na kisiki kilichogeuzwa ni kitu kigeni kwake. Kirudishe usiku, taa zikiwa zimezimwa, na kifuu ukiache kwa siku kadhaa. Mpe chakula anachokipenda baada ya giza, viluwiluwi vya mbu vilivyogandishwa au tembe ya kuzama, na usikae mbele ya kioo kumvizia. Akisusa usiku mmoja au miwili ni kawaida. Akiendelea kususa, au ukimwona juu mchana akihema kwa kasi, pima maji kabla hujanunua dawa yoyote, na dawa zenye shaba uziepuke kabisa kwa samaki hawa.

Kisiki kilicholegea, cha kidole kuzama, hakina tiba. Tafuta kingine mapema. Mpera uliokauka vizuri na kubanduliwa maganda ni mti mzuri, mgumu, na hauna utomvu wa sumu. Msonobari, mkaratusi na mnyaa uache. Mti uliookotwa ufukweni umejaa chumvi. Uloweke kwenye maji baridi kwa wiki nyingi ukibadilisha maji. Mikoko inalindwa kisheria, usiikate kwa ajili ya tangi. Kisiki kipya kiweke ubavuni mwa cha zamani, tundu kwa tundu, na uviache vyote viwili tangini kwa wiki kadhaa. Samaki watahamia wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Ukimulika asubuhi ukakuta cha zamani ni kitupu, kizibe kwa sponji na ukitoe siku hiyohiyo.