Mfarishi Uliokuwa Unalia Kama Panya

Wiki tatu zilizopita nimepata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Manyoni. Nauweka hapa kwa ruhusa yake: "Shikamoo dada. Nimejaribu kushona blanketi la viraka kama lile uliloonyesha. Nimekata vizuri, nimeshona usiku kucha, lakini likitandikwa katikati linanyanyuka kama mgongo wa kobe. Mume wangu ananiuliza hili ni blanketi au hema. Niache tu?"

Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Kisha nikamjibu kwa swali moja: ulishonea juu ya karatasi? Akasema hapana, aliona karatasi ni kupoteza muda, kitambaa kwa kitambaa kinatosha.

Basi ndiyo sababu ya makala hii. Na kwa kuwa mengi nimejifunza kwa kuumia, itabidi mnivumilie nianzie mbali kidogo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma, kibanda changu kiko mwendo mfupi tu kutoka Soko la Majengo. Mji ulipotangazwa kuwa jiji, Aprili 2018, na watumishi wakazidi kuhamia, kazi zilimiminika. Sare za harusi, sare za kwaya, sare za vikoba, magauni ya kitchen party. Kitenge hakikatwi kikaisha. Kila gauni linaacha vipande vya ukubwa wa kiganja, vingine virefu na vyembamba kama mkanda. Mafundi wengi huvitupa, au huuza kwa kilo kwa watu wa kujaza mito. Mimi nilikuwa navitia kwenye viroba. Ilifika mahali viroba saba vimepangwa nyuma ya mlango, mlango wenyewe haufunguki vizuri, na mume wangu akawa anauliza kwa upole ule wa mtu aliyechoka: "Hivi hivi vitu vina mpango gani?"

Mpango niliupata kwenye simu. Bando la usiku, saa saba, naangalia akina mama wa Marekani wakishona mifarishi, yaani mablanketi ya viraka, kwa mikanda ya mabaki. Wanaongea haraka, nusu ya maneno sikuyaelewa, nikawa naangalia mikono tu. Wanachukua karatasi ya mraba, wanalaza mkanda mmoja mshazari kutoka kona hadi kona, wanaendelea kupandisha mikanda kila upande mpaka karatasi isionekane. Kisha wanapunguza kingo kwa kufuata karatasi, wanaunganisha, na mwisho wanachana karatasi na kuitupa.

Zamani wenzao walitumia magazeti, enzi za dhiki kuu ya uchumi ya miaka ya 1930, kitambaa hakuna, pesa hakuna. Na kuna wanawake weusi wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama, ambao wao walishona kwa nguo za kazi zilizochakaa, suruali za shambani zenye magoti yaliyopauka. Mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa jumba la makumbusho Houston, baadaye New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaitoa kwenye stempu. Viraka vya suruali, jamani, kwenye stempu ya taifa!

Hilo nalisisitiza kwa sababu ya wifi yangu.

Mfarishi wangu wa kwanza niliushona miezi miwili nikampelekea mama mkwe kijijini, upande wa Kondoa. Juni, usiku wa baridi, nikajua nimepatia. Wifi akaufungua mbele za watu, akaugeuza, akasema: "Sisi wengine mama zetu tunawanunulia blanketi, wengine wanaletewa matambara." Watu wakacheka kidogo, ile ya kuinamisha kichwa. Mama mkwe akashukuru, ni mtu mwenye adabu. Lakini niliporudi mwezi wa nane niliukuta stoo, umefunikwa juu ya magunia ya alizeti. Nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Ninyi mnaoshona mnajua. Kwetu kiraka ni neno la aibu. Ukimwambia mtu "nguo yako ina kiraka" umemtukana. Kwa hiyo anayeanza kazi hii ajue kabisa kwamba kabla hajapambana na cherehani atapambana na mdomo wa ndugu.

Sasa tuje kwenye kosa langu kubwa, ambalo silaumu mtu.

Mwaka fulani, wiki chache kabla ya Nane Nane, mwenye nyumba ya wageni mmoja hapa mjini aliona mfarishi niliokuwa nimeutundika kibandani. Akaagiza minane. Minane! Sikuwahi kuuza hata miwili kwa mpigo. Alitaka vyumba vyake vipendeze kabla wageni wa maonyesho ya Nzuguni hawajafika. Nikapokea malipo ya awali, nikamwita binti wa jirani anisaidie, tukashona mpaka vidole vikafa ganzi.

Kushona vipande kunasisimua, unaona rangi zinajipanga. Kuchana karatasi hakusisimui hata kidogo. Mfarishi wa kitanda cha tano kwa sita una vigae 120, yaani ile miraba ya karatasi iliyojazwa mikanda, na kila kigae kina mishono kumi au zaidi. Miwili ya kwanza tulichana vizuri. Wa tatu tukachana nusu. Zilipobaki siku nne nikajisemea moyoni: karatasi iko ndani, juu kitenge, chini bitana, nani atafumua aangalie? Nikafunga mifarishi sita na karatasi zake tumboni.

Siku ya tatu ya Nane Nane simu ikaita alfajiri. "Fundi, wageni wangu wanasema vyumbani kuna panya."

Nilijua palepale. Mgeni akijigeuza, kwacha. Akivuta mguu, kwacha kwacha. Kumbe mmoja alilala amewasha taa na kiatu mkononi. Chumba kingine walikuwa wameshapuliza dawa. Nilitaka kumwambia ukweli, nikakosa pa kuanzia, nikasema nakuja. Nilipofika tayari walikuwa wameufua mmoja wakidhani una uchafu, na karatasi imelowa ikawa uji, ikajikusanya kwenye pembe, mabonge mabonge kama ugali usioiva. Yule mama hakunipigia kelele. Aliniangalia tu, akasema, "Ungeniambia unahitaji wiki moja zaidi, ningekupa." Afadhali angenitukana.

Nilirudisha shilingi 320,000 ambazo nilikuwa nimeshazila, kwa hiyo nilizikopa kikoba. Ile mitano ambayo haikufuliwa nilikaa nayo mwezi mzima nikifumua kingo, nikiingiza mkono, nikitoa karatasi kwa vipande vya ukubwa wa kucha. Karatasi zenyewe zilikuwa za madaftari ya mwanangu. Natoa kipande kimeandikwa "vema", natoa kingine "rudia". Nilirudia.

Kwa hiyo dada wa Manyoni, na wengine wote mnaoniandikia, nisikilizeni.

Karatasi ndiyo kazi yenyewe. Kitambaa kilichokatwa mshazari kinavutika. Ukikishika kinarefuka, ukikipiga pasi kinarefuka, mguu wa cherehani ukipita juu kinarefuka tena. Katika kigae cha namna hii kingo zote nne ni za mshazari, kwa hiyo bila kitu cha kuzishika kila kigae kinatoka na ukubwa wake. Ukiviunga kwa nguvu, kile cha ziada kitakwenda wapi? Kitanyanyuka. Ndiyo hema ya mume wako.

Karatasi nzuri ni ya A4 iliyotumika upande mmoja, au ya daftari ukifungua zile mbili za pamoja na kutoa stepo. Maandishi yaangalie chini, yasigusane na kitambaa. Gazeti linachanika vizuri kuliko zote lakini wino wake unahamia kwenye rangi nyeupe, hasa ukipiga pasi. Kalenda zile za kung'aa achana nazo. Mimi nakata mraba wa inchi nane. Ukishaunga kwa robo inchi kila upande unabaki na inchi saba na nusu, kwa hiyo kumi kwa kumi na mbili inakupa inchi 75 kwa 90, na kitanda cha tano kwa sita kinafunikwa na kuning'inia vizuri pembeni.

Mshono uwe mdogo. Narudia, mshono uwe mdogo, kama matundu 16 hivi kwa inchi, na sindano iwe namba 14 au hata 16. Sindano nene na mshono mdogo vinatoboa karatasi kama stempu, halafu ukikunja na kubana mshono kwa kidole gumba, karatasi inatoka yenyewe bila kuvuta uzi. Ukishona mshono mrefu, karatasi itatoka pamoja na mshono wako. Cherehani ya kukanyaga inatosha kabisa, tena umeme ukikatika wewe unaendelea.

Mkanda wa kwanza ulale katikati ukiangalia juu. Wa pili uweke juu yake kifudifudi, kingo zilingane, shona kupita vitambaa vyote viwili na karatasi, ufunue, pasi. Wa tatu hivyohivyo. Mikanda ya inchi moja na nusu mpaka mbili na nusu ndiyo rahisi. Chini ya inchi moja unapotelea kwenye mshono. Pasi iwe kavu, maji yanaikunja karatasi. Wenye pasi ya mkaa futeni majivu chini kwanza, na msifanye kazi hii mlangoni mwezi wa nane, upepo wa Dodoma mnaujua.

Usichane karatasi mpaka kigae kimeungwa pande zake zote. Hili ndilo wengi wanakosea kwa haraka, na mimi nilikosea upande wa pili, kwa kutochana kabisa.

Mkanda wa katikati nautumia wa rangi moja kwenye vigae vyote, kwa sababu ukikutanisha vinne unatokea mchoro wa almasi, na mfarishi mzima unakuwa kama wavu. Nilianza na kaniki, nikiwaza bibi zetu. Ni nzuri sana machoni. Ila kaniki inachuja! Siku ya kwanza ya kufua, kila cheupe kikawa cha samawati. Sasa kila kitambaa nakilowesha, nakibana na kitambaa cheupe, napiga pasi. Kikiacha rangi kinakwenda kufuliwa tena au kinaachwa. Na kitenge cha polista kichomoe mapema, kinayeyuka kwenye pasi inayoweza kulaza pamba.

Katikati naweka blanketi jepesi la zamani, chini khanga au shuka, napiga mishono ya kushikilia. Hapo hakuna siri.

Sasa bei. Hapa nitakuwa mkali, mnisamehe. Acheni kusema "ni mabaki tu". Kitambaa ni mabaki, lakini siku zako si mabaki. Mabinti wananiletea mifarishi waliyouza elfu thelathini, ukihesabu uzi, mkaa wa pasi na wiki tatu za mgongo kuuma, wamemlipa mteja awachukulie kazi. Halafu wanasema biashara hailipi. Hailipi kwa sababu mnaona aibu kutaja bei. Na mnaona aibu kwa sababu na ninyi, kimoyomoyo, mnaamini ni viraka. Mimi niliamini hivyo miaka miwili, ndiyo maana niliona sawa kumfungia yule mama karatasi ndani. Mtu haibi kwenye kitu anachokiheshimu.

Mwezi uliopita nimeuza mmoja kwa shilingi 180,000, kwa mama aliyekuja na treni ya asubuhi kutoka Dar na kurudi ya jioni. Aliufungua kibandani, akaupapasa, akautikisa karibu na sikio. Sijui kwa nini aliutikisa, lakini ulikuwa kimya, na mimi nilisimama wima kama askari wa gwaride.

Na wifi yangu? Binti yake anafanyiwa send-off mwezi wa kumi na mbili. Amenipigia mwenyewe, sauti laini, anataka mfarishi "kama ule wa mama". Akaomba bei ya undugu. Nikamwambia bei ya undugu ni 180,000, asiye ndugu ningemwambia 200,000. Ametanguliza nusu. Nusu ya pili bado naisubiri, na vigae vyake 120 viko tayari, havijachanwa karatasi hata kimoja.

Jana dada wa Manyoni kanitumia picha. Vigae vinne, almasi moja, imelala bapa mezani kama sinia. Nikamsifu, nikamuuliza karatasi katoa wapi, maana nilikuwa naona mistari na majina kwa nyuma. Akasema ni kaunta buku la mume, lile la wanaokopa dukani. Nimemwambia asichane kwanza, amwite mume anakili.