Breki za umeme za trela zinashika kidogo? Anza na masi

Fundi, trela yangu ya ekseli moja haishiki breki vizuri hata nikiongeza nguvu kwenye kile kisanduku cha dashibodi kinachopeleka umeme kwenye breki. Garaji wanataka nibadilishe sumaku zote mbili. (Msomaji, Ruashi, Lubumbashi)

Ngoja kwanza, ndugu yangu, usitoe pesa. Ndani ya kila dramu kuna sumaku ya umeme: ikipata umeme inang'ang'ania dramu inayozunguka, inavuta mkono, na mkono unatanua viatu vya breki. Sumaku nyingi za breki za inchi 10 zina ukinzani wa omu 3.2 hivi. Pima zako kwa mita. Zikikaribia hapo na uso wake haujalika, ziache, ukague waya.

Sumaku mbili kwa volti 12 zinakula ampea 7.5 hivi. Kutu ya nusu omu tu kwenye masi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri, inameza karibu volti 3. Sumaku zinabaki na 9. Nimefungua parafujo nyingi za masi ambazo kwa nje zinang'aa, lakini ukiinua waya unakuta unga wa kutu umegandana na vumbi letu jekundu. Wengine hawana waya huo kabisa. Wanategemea umeme upite kwenye ndoano ya kuvutia, yenye grisi tele. Hapo breki haiwezi kuwa ya kuaminika.

Vuta waya mrefu kutoka hasi ya betri ya gari hadi kwenye masi ya sumaku, ujaribu. Breki zikishika, ugonjwa umeupata. Kwangua chuma mpaka king'ae, funga upya, paka grisi juu kuzuia maji ya masika.

Tangu beringi zitiwe grisi, gurudumu la kushoto halishiki kabisa. (Mama wa Kampemba)

Pole, mama. Fungua dramu hiyo. Grisi ikizidi, au sili, ule mpira wa kuzuia grisi, ikipasuka, grisi inafika kwenye viatu. Viatu vilivyolowa grisi havisafishiki, hata kwa petroli. Badilisha, pande zote mbili, pamoja na sili.

Nimeweka viatu vipya, breki zimekuwa dhaifu kuliko za zamani. Kwa nini? (Katuba)

Havijakaa sawa na dramu. Inua trela, kaza gurudumu la meno nyuma ya breki mpaka tairi ligome kuzunguka, kisha legeza mpaka lizunguke likikwaruza kidogo tu. Baada ya hapo shika breki kwa upole mara 20 hadi 50 barabarani, ukiziacha zipoe katikati.

Naweza kupeleka mahindi Likasi hivi hivi, polepole? (Mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Hapana, baba. Ni kilomita 120 hivi, na malori ya madini yako mbele na nyuma yako. Rekebisha, kisha kwenye barabara tupu, mwendo wa 30, sukuma kile kitufe cha mkono cha kisanduku bila kugusa pedali. Usiposikia trela ikilivuta gari nyuma, shusha magunia.