Meseji ya Jumapili usiisubirishe hadi Jumatatu jioni

Nimekaa kaunta ya kliniki ndogo ya meno hapa Mbeya, jirani na Mwanjelwa, miaka ya kutosha kuota mlio wa simu ya kazini. Hata hivyo kuna meseji moja niliiacha ikalala.

Iliingia Jumapili jioni. "Habari zenu. Jino linanisumbua siku ya tatu, mnang'oa bei gani?" Simu ilikuwa kwenye droo. Jumatatu nikaikuta, ila watu walishajaa hadi mlangoni, nikasema nitajibu nikipumua. Nilipumua saa kumi. Nikapiga, akapokea mama mmoja, anaongea kwa shida: "Mwanangu, mimi nilishafika Mbeya tangu asubuhi. Nimetoka Chunya na gari la kwanza. Nimekaa hapo Kabwe mpaka saa tano nasubiri mnijibu, nikaona nitafute kwingine."

Kabwe! Kutoka kwetu ni dakika chache kwa miguu.

Tangu hapo naanza na hili swali la bei, maana ndilo tunalolikimbia. Jibu letu la siku zote lilikuwa "njoo kwanza daktari akuone." Ni kweli, jino la mbele si sawa na gego lililolalia jirani yake, na daktari hawezi kuona mdomo kwa simu. Lakini anayeuliza yuko Ubaruku au Kyela, anapiga hesabu ya nauli ya kuja na kurudi, na chakula cha anayemsindikiza. Ukimwambia "njoo tuone" umemwambia akope bila kujua anakopa kiasi gani. Siku hizi namwambia: kumwona daktari ni kiasi hiki, kung'oa kunaanzia hapa na mara nyingi hakupiti hapa, bima tunazopokea ni hizi, njoo na kadi na kitambulisho, na ukifika kabla ya saa nne utawahi gari la kurudi. Meseji yenyewe iko tayari kwenye simu, nabadilisha jina tu.

Ile ya kujijibu yenyewe, "asante, tutakujibu hivi punde," tuliijaribu tukaitoa. Mtu mwenye jino linalouma akisubiri hiyo "hivi punde" kwa saa sita nzima, anakuja na hasira kuliko asiyejibiwa kabisa.

Bipu nazo ni wagonjwa. Asiye na salio anabipu mara moja, akiona kimya anaacha. Mwombe bosi aweke bando la kupiga kwenye simu ya kliniki, usitegemee vocha yako.

Kujibu haraka pia kunakusaidia kujua nani hapaswi kupangiwa miadi. Akisema shavu limevimba, ana homa, anameza kwa shida au mdomo haufunguki, usimwambie Alhamisi. Mwambie aende hospitali sasa hivi. Siku moja alipiga baba aliyeona namba yetu kwenye bango, mkewe mjamzito anatokwa damu. Sisi ni wa meno! Nilimpa 115, namba ya bure ya m-mama ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Tangu siku hiyo imebandikwa ukutani juu ya simu.

Picha za meno wanazotuma zibaki kwenye simu ya kazi. Usizipeleke kwenye grupu la wafanyakazi mkachekee huko; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo, ni mdomo wa mtu.

Kila simu tunaiandika kwenye daftari: jina, anatoka wapi, kauliza nini, nani kamjibu, saa ngapi. Safu ya saa ndiyo iliyonishitaki mimi mwenyewe wiki za mwanzo.

Usiku simu naondoka nayo mimi, Jumapili anabaki nayo mwenzangu wa stoo. Analalamika. Tumemwongezea bando.