Runx Z inayozungusha tairi la ndani kwenye kona: niliyoyapitia nilipofunga LSD hapa Arusha

Mkuu, umesema una Toyota Runx Z ya gia sita za mkono, kwamba ukitoka Himo kupanda Marangu wakati wa mvua tairi la mbele la upande wa ndani wa kona huzunguka bure kila unapokanyaga mafuta kwenye gia ya pili, na unauliza mambo matatu: kama difu ya kudhibiti mtelezo, yaani LSD, italiondoa tatizo hilo, ununue ya aina gani, na kama kuna anayeweza kuifunga huku kwetu bila kukuharibia gia boksi. Nimepita njia hiyo hiyo na gari la aina hiyo hiyo, na niliifungua gia boksi yangu mara mbili kwa kazi iliyopaswa kufanyika mara moja. Kwa hiyo nitajibu kwa urefu, hasa swali la tatu, kwani mawili ya kwanza yana majibu mepesi kuliko watu wanavyoyafanya.

Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha sawa kwa sawa kati ya magurudumu mawili, na haina uwezo wa kulipatia moja zaidi ya jingine. Gari likiingia kwenye kona hulalia upande wa nje, tairi la ndani hubaki limegusa lami kwa uzito mdogo, na kiasi kidogo ambacho tairi hilo linaweza kushika ndicho hicho hicho kinachofika kwa mwenzake wa nje aliyebeba mzigo wote na aliye tayari kupokea zaidi. Kinachozidi hapo kinaishia kwenye kelele na mpira uliolika. Injini yako ya 2ZZ-GE imeandikwa nguvu-farasi 190 kwa mizunguko 7,600, na ingawa hapa Arusha, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, hewa nyepesi imekwisha kula zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu hizo, zinazobaki bado ni nyingi kwa tairi moja lililoloa.

Hata hivyo, kabla hujatuma fedha Japani au Uingereza, lala chini ya gari na utikise wishiboni, ule mkono wa chini unaolishika gurudumu, kwa nondo. Nusu ya tatizo langu lilikuwa bushi za nyuma za wishiboni zilizokufa, ambazo ziliruhusu gurudumu lirudi nyuma kila nilipokanyaga mafuta, na sehemu ya nusu iliyobaki ilikuwa tairi za mtumba zenye kashata, yaani mikato ya kukanyagia, nzuri za kudanganya macho lakini zenye mpira uliokauka. Soma tarakimu nne zilizomo ndani ya kile kiduara cha mviringo ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi la umri huo halistahili kuulizwa habari za difu. Nilipomaliza bushi, tairi na kupima wilialaimenti, gari lilibadilika kiasi kwamba niliahirisha ununuzi kwa miezi mitano. Kilichonirudisha ni kona za kupanda, ambako hakuna bushi mpya inayoweza kulirudishia tairi la ndani uzito wake.

Kuhusu aina, kwa gari la kuvuta kwa mbele linaloenda kazini Jumatatu, nunua ile ya gia za mshazari na usisumbuke zaidi. Ndani yake hamna sahani za kulika. Kuna vigia vyenye meno ya mshazari vilivyopangwa kwa jozi, na injini inaposukuma wakati gurudumu moja linataka kulikimbia jingine, meno hayo hujisukuma dhidi ya kuta za kasha, na msuguano unaotokea ndio unaolizuia gurudumu jepesi. Vernon Gleasman wa Marekani alipata hataza ya difu inayofanya kazi kwa wazo hilo mwaka 1958, ndiyo baadaye ikajulikana kwa jina la Torsen. Honda waliweka ya gia za mshazari kwenye Integra Type R ya mwaka 1995 na Civic Type R ya mwaka 1997, na Ford wakaiweka ya Quaife kwenye Focus RS ya mwaka 2002, yote yakiwa magari ya kuvuta kwa mbele kama lako. Udhaifu wake ni kwamba inafanya kazi kwa kuzidisha. Chukulia ina uwiano wa 2.5: tairi la ndani likiweza kushika 100, la nje litapata hadi 250, lakini la ndani likiwa limenyanyuka kabisa hewani na kushika sifuri, sifuri mara 2.5 unalijua jibu lake. Kwa lami ya Marangu hilo halikuhusu sana, isipokuwa kama una tabia ya kupanda juu ya kingo za barabara.

Aina ya pili ya LSD, ile ya sahani zinazobanana, ni ya mashindano. Inafunga kwa nguvu zaidi, inagonga na kulia ukiwa unageuza gari taratibu kwenye maegesho, sahani zake hulika, na inadai oili yenye viungo vyake maalumu, ilhali kwenye gari letu difu na gia hunywa oili moja ndani ya kasha moja. Kile kinachozifaa sahani si lazima kizipendeze singo za gia, zile pete zinazolinganisha mwendo unapobadili gia. Ya gia za mshazari inaridhika na oili ile ile ambayo gia boksi yako ilikuwa ikitumia, na kwangu hiyo peke yake ilitosha kumaliza mjadala. Wakati wa kuagiza, taja namba ya gia boksi, ambayo kwa Runx Z ya gia sita ni C60, na uhesabu meno ya ncha ya shafti kwa mkono wako mwenyewe badala ya kumwamini muuzaji. Bei niliyolipa mimi, pamoja na ushuru, ilizidi ya tairi nane mpya, na ndiyo maana nilianza na tairi.

Sasa ufungaji. Mafundi wengi wa huku wamejifunza difu kwenye magari ya kuvuta kwa nyuma, ambako kazi kubwa ni kupanga krauni (gia kubwa ya difu) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) zikutane kwa usahihi, na ukiwaambia difu ya mbele watakutisha kwa habari hizo hizo. Kwenye gia boksi iliyolala kwa upana wa gari kama hii, krauni ni gia ya kawaida yenye meno ya mshazari, na hakuna kina cha pinioni cha kupanga. Kinachopangwa ni kimoja tu, nacho ni mkazo wa awali wa zile beringi mbili za koni zinazoishika difu kushoto na kulia, na unapangwa kwa shimu, kipande chembamba cha chuma cha kujazia unene, inayokaa nyuma ya kikombe cha beringi, yaani pete yake ya nje. Kwa kuwa ni jambo moja, watu hulidharau.

Fundi wa kwanza, kwenye gereji nisiyohitaji kuitaja, alilidharau. Alihamisha krauni kwenye kasha jipya, akapigilia beringi mpya, akarudisha shimu ya zamani na kuniambia kwamba beringi ni beringi. Kwa wiki tatu nilifurahi. Kisha ukaanza mlio mwembamba kwenye kilomita 60 kwa saa, mlio usiobadilika nikibadili gia lakini unaobadilika nikiachia mafuta, na nilipofungua nati ya kumwagia oili, sumaku yake haikuwa na ule uji wa kijivu ambao ni wa kawaida, bali vipande vinavyometameta kama vya karatasi ya kung'aa ya zawadi. Tulipofungua, kikombe kimoja cha beringi kilikuwa na vidonda upande mmoja. Kasha la difu mpya halikuwa na urefu ule ule wa la zamani kati ya kiti kimoja cha beringi na kingine, na tofauti ya sehemu chache za mia za milimita, ambayo jicho haliioni, ilikuwa imeibana beringi hadi ikajila.

Mara ya pili nilikwenda kwa mzee mmoja wa mtaa wa Unga Limited ambaye maisha yake yote amekuwa akifungua gia boksi za malori, na ningependa uone alivyofanya, kwa sababu hakuwa na kifaa hata kimoja cha kiwanda. Krauni hukaa kwenye kasha kwa kubana, na kitabu cha huduma kinataka ipashwe moto hadi nyuzi joto 100 hivi ili itanuke na kuingia bila kupigwa. Mzee aliiweka kwenye sufuria ya ugali iliyojaa maji juu ya jiko la mkaa. Nilimwambia, kwa ujuaji wangu, kwamba kwa mwinuko huu maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 tu. Akanijibu, “Mwanangu, chuma hakijui hesabu hizo,” akaendelea kunywa chai. Baada ya muda aliiopoa kwa glavu za kuchomelea, akaifuta maji kwa kitambaa kikavu, akailenga juu ya bolti mbili ndefu alizokuwa ameshazisimamisha kwenye kasha kama miongozo, akaiachia. Ikashuka yenyewe hadi chini kwa mlio mmoja mkavu. Aliacha ipoe, akaweka bolti mpya zenye gundi ya nyuzi, akazikaza kwa kukingamisha, awamu baada ya awamu, kwa spana ya toki.

Kisha ikaja shimu. Alitoa kwanza shafti zote za gia ili difu ibaki peke yake ndani ya kasha la gia boksi, akafunga nusu mbili za kasha kwa mkazo kamili, akachomeka pande zote mbili vipande vya ncha za shafti mbovu alivyovichomelea viduara vya chuma vyenye ukubwa sawa. Alizungusha kamba kwenye kila kiduara, kamba mbili zikakutana kwenye kijiti, na katikati ya kijiti akanasa mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki sokoni. Pande zote zikivutwa sawa, difu haina la kugawa, inazunguka nzima. Kilo zinazosomeka wakati inazunguka, mara nusu kipenyo cha kiduara kwa sentimita, ndizo kilo-sentimita ambazo kitabu cha Toyota kimeziandika, na ukumbuke kwamba kitabu kinatoa kiwango kimoja kwa beringi mpya na kingine kwa zilizotumika. Tulifungua na kufunga kasha mara tano, kila mara kwa shimu tofauti, kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri. Huo ndio muda wa saa tatu ambao fundi wa kwanza aliuokoa.

Mengine ni ya kawaida na nitayapitia haraka. Kabla ya kuitupa difu ya zamani angalia kama ina gia ya spidomita juu ya kasha lake, kwa sababu difu mpya huja bila nayo. Badilisha oili sili zote mbili za shafti, na unapoingiza shafti angalia meno yake yasichane mdomo wa sili. Weka klipu mpya kwenye ncha za shafti na uzisukume hadi uzisikie zikinasa. Mwaga oili baada ya kilomita 1,000 za mwanzo na uitazame sumaku.

Barabarani, usitarajie muujiza siku ya kwanza. Ukienda polepole hutajua kama kuna kilichobadilika. Nilikitambua kwenye barabara ya kupandia Monduli, gia ya pili, kona ya kulia: pale ambapo zamani pua ya gari ingetoka nje na mimi ningeachia mafuta, niliendelea kukanyaga, na usukani ukavuta kuelekea ndani ya kona kana kwamba kuna mtu ameshika kamba. Lakini mkono unaovuta kwenye kona huvuta pia kwenye barabara iliyonyooka yenye mifereji iliyochimbwa na malori, kama sehemu fulani za njia ya Namanga, kwa hiyo ukikanyaga kwa nguvu shika usukani kwa mikono miwili. Kwenye tope lililotapakaa juu ya lami wakati wa masika, zamani lilikuwa linateleza tairi moja na jingine linakushikia mwelekeo. Sasa ukizidisha, yote mawili yanaweza kuachia pamoja, na gari litanyoosha mbele kuelekea migombani. LSD haiongezi mshiko, inagawa ule uliopo.

Tairi za mbele ziwe za ukubwa, aina na ulikaji mmoja, maana zikitofautiana kipenyo difu itakuwa kazini hata ukienda Boma Ng'ombe moja kwa moja, na ile spea nyembamba usiifunge mbele: pancha ikitokea mbele, hamisha tairi zima la nyuma lije mbele na spea iende nyuma. Tena, waambie wanaoosha na kutengeneza gari lako kwamba wasiliwashe na kuingiza gia likiwa limenyanyuliwa gurudumu moja la mbele, kwa kuwa lile lililo chini linaweza kupata nguvu na kulishusha gari kwenye jeki.

Kwa kuwa uko Moshi, ningekushauri uilete gia boksi Arusha ikiwa imeshatolewa, pamoja na difu, beringi mpya, sili na bolti, na usikubali ifunguliwe kabla shimu za unene mbalimbali hazijawekwa mezani. Mimi nina nne zilizobaki, ziko kwenye kopo la majani ya chai pamoja na karatasi yenye vipimo vyake. Ukishafungua yako, pima unene wa shimu iliyomo kwa maikromita, uniandikie hapa, nami nitakuambia kama ninayo inayokaribiana.