Kwa nini dhahabu yangu haichochei? Jibu kwa mwanafunzi wa kemia

Swali: Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya uzamili katika kemia. Nilisoma kwamba chembe ndogo za dhahabu zikikaa juu ya unga wa oksidi huweza kugeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi hata kwenye baridi iliyo chini ya sifuri. Nikaloweka titani dioksidi katika myeyusho wa tindikali ya kloroauriki (kiwanja cha dhahabu chenye kloridi), kwa kiasi cha kufikia dhahabu asilimia 1 ya uzito, nikakausha, kisha nikachoma kwenye tanuri kwa 500°C. Unga ulitoka wa zambarau, lakini nilipopitisha gesi hakuna kilichotokea mpaka joto lilipovuka 200°C. Mwenzangu wa maabara ananishauri nipandishe dhahabu hadi asilimia 5. Je, nifanye hivyo? Halafu, metali isiyopata hata kutu inawezaje kuchochea mmenyuko?

Jibu: Marahaba. Usiongeze dhahabu. Uliyoweka inatosha, ila imejikusanya kuwa vipande vikubwa na bado ina kloridi. Ukipandisha hadi asilimia 5 kwa njia hiyohiyo utapata vipande vikubwa zaidi, na pesa zako zitakuwa zimekwenda bure.

Nianze na swali lako la mwisho, maana hatua zote za maabara zinatoka humo.

Ni kweli kwamba kipande cha kawaida cha dhahabu hakiishughulikii oksijeni. Mwaka 1995 Hammer na Nørskov wa Denmark walionyesha kwa hesabu sababu yake: ganda la elektroni linaloitwa d limejaa kwenye dhahabu, kwa hiyo molekuli inayojaribu kujishikiza usoni hukuta elektroni zinazoisukuma badala ya kuivuta. Lakini si atomu zote za dhahabu zinazoishi maisha yaleyale. Iliyo ndani kabisa imezungukwa na majirani 12. Iliyo kwenye uso bapa ina majirani 9 au pungufu. Iliyo kwenye pembe ya chembe ndogo sana huweza kubaki na 6 au hata 5, na hiyo ndiyo yenye uwezo wa kuishika kaboni monoksidi ikipita karibu. Katika chembe ya atomu 55, atomu 42 ziko nje. Fanya hesabu nyingine: mchemraba wa gramu 1 ya dhahabu una uso usiofika sentimita 1 ya mraba, gramu hiyohiyo ikigawanywa kuwa chembe za nanomita 3, uso wake unafika takriban mita 100 za mraba.

Hata hivyo udogo haumalizi kazi. Dhahabu ya ukubwa uleule ikikaa juu ya silika huwa dhaifu kwa mmenyuko huu, na juu ya titani dioksidi, oksidi ya chuma au oksidi ya seriamu huwa na nguvu. Maelezo ninayoyaona kuwa na uzito zaidi ni kwamba oksijeni huamshwa kwenye ukingo, pale dhahabu inapogusana na oksidi iliyoibeba, huku kaboni monoksidi ikingoja juu ya dhahabu jirani. Namna hasa oksijeni inavyoamshwa bado inabishaniwa, na unyevu kidogo kwenye gesi husaidia. Kwa hiyo unapotengeneza kichocheo hiki, unachotengeneza kwa kweli ni ukingo. Chembe kubwa ina ukingo mfupi kwa kila miligramu ya dhahabu.

Hapo ndipo kazi ya Masatake Haruta wa Japani inapostahili kusomwa kwa makini. Watu wengi kabla yake walikuwa wameloweka oksidi kwenye chumvi ya dhahabu, kama ulivyofanya wewe, wakapima, wakahitimisha kwamba dhahabu haina maana katika uchochezi. Haruta na wenzake huko Osaka waliinyesha dhahabu, yaani waliifanya itoke kwenye myeyusho kama mashapo, pamoja na oksidi za chuma, kobalti au nikeli, wakapata chembe zisizozidi nanomita chache, na mwaka 1987 wakachapisha kwamba zinachoma kaboni monoksidi hata kwa nyuzi 70 chini ya sifuri. Metali ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni utengenezaji. Nasisitiza hili kwa sababu wanafunzi huandika ukurasa mzima kuhusu vipimo vya mmenyuko, na mistari miwili tu kuhusu namna unga ulivyotengenezwa.

Sasa turudi kwenye unga wako. Kuloweka na kukausha kunaiacha kloridi yote ndani. Kwenye tanuri, kloridi huzirahisishia chembe za dhahabu kutembea na kuungana, kama matone ya mafuta juu ya mchuzi, na kloridi inayobaki hukaa palepale panapotakiwa kufanya kazi. Joto la 500°C likamalizia.

Tumia njia ya kunyesha dhahabu juu ya oksidi. Kwa gramu 1 ya titani dioksidi unahitaji takriban miligramu 20 za tindikali ya kloroauriki yenye molekuli tatu za maji ya fuwele, kwa kuwa nusu ya uzito wake ndiyo dhahabu. Iyeyushe katika maji safi ya maabara, pasha hadi 70°C, kisha ongeza hidroksidi ya sodiamu tone kwa tone mpaka pH (kipimo cha utindikali) itulie kati ya 8 na 9. Usiharakishe hapa. Katika pH hiyo hidroksidi huwa imechukua nafasi ya sehemu kubwa ya kloridi iliyoizunguka dhahabu. Tia titani dioksidi, koroga kwa saa moja au mbili, na rekebisha pH ikishuka. Si dhahabu yote itakayoshika, nyingine hubaki majini, kwa hiyo pima kiasi halisi kabla hujaandika asilimia yoyote kwenye tasnifu. Usijaribu njia hii kwa silika: katika pH hiyo uso wake una chaji hasi, na dhahabu iliyoyeyuka nayo ni hasi.

Osha kwa maji ya uvuguvugu tena na tena. Dondoshea nitrati ya fedha kwenye maji ya kuoshea. Yakibadilika kuwa meupe kama maziwa, kloridi bado ipo, endelea. Nakuomba sana usitumie amonia kuiondoa. Dhahabu na amonia huweza kutengeneza kiwanja ambacho kikikauka hulipuka kwa mguso mdogo tu. Kausha gizani, kisha choma kwa 300°C hewani.

Rangi ya zambarau haikwambii ukubwa wa chembe. Ukiwa na mashine ya eksirei ya fuwele, usitegemee kilele cha dhahabu kwenye pembe ya 38.2°, kwa kuwa vilele vya anatase (aina mojawapo ya fuwele za titani dioksidi) viko hapohapo vikikifunika. Tazama 44.4°, ambako anatase haina kitu. Kilele chembamba kilichosimama wima hapo kinamaanisha chembe kubwa. Kisipoonekana kabisa, una matumaini, na hadubini ya elektroni itathibitisha.

Tahadhari nyingine ni ya kifikra. Usiichukue kanuni kwamba dhahabu lazima iwe chembe za nanomita chache ukaipeleka kila mahali. Mwaka 1985 Graham Hutchings alitabiri kwamba dhahabu ingekuwa kichocheo bora cha kuunganisha asetilini na kloridi ya hidrojeni ili kupata malighafi ya plastiki ya PVC, kazi ambayo viwandani ilifanywa na kloridi ya zebaki. Utabiri ulitimia na kichocheo hicho kimeingia viwandani China, lakini humo dhahabu hufanya kazi ikiwa atomu mojamoja juu ya kaboni, na kloridi ni sehemu ya mfumo. Mimi hufurahi sana kuiona dhahabu ikiiondoa zebaki kiwandani, nikiwafikiria wachimbaji wadogo wa Geita ambao bado wanashika zebaki kwa mikono ili kuipata dhahabu yenyewe.

Unapopima, kumbuka kaboni monoksidi ndiyo gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani: haina rangi wala harufu. Fanya kazi ndani ya kabati la kuvutia hewa chafu, ukiwa na king'amuzi cha gesi kinachofanya kazi. Unga utakaobaki uweke kwenye chupa nyeusi ndani ya friji, na upime ungali mpya. Ukikwama tena, nitumie mchoro wa eksirei pamoja na pH uliyoandika tangu mwanzo hadi mwisho wa kukoroga.