Maswali ya Wasomaji: Tukimngoja Avatar Mpya

Tangu mwendelezo wa Avatar: Seven Havens utangazwe tarehe 20 Februari 2025, siku moja kabla ya Avatar: The Last Airbender (hadithi ya Aang) kutimiza miaka 20, mmetuuliza mengi. Avatar ni mtu pekee anayetawala maji, ardhi, moto na hewa; akifa, huzaliwa upya katika mtu mwingine. Baada ya Aang alikuja Korra, wa The Legend of Korra. Majibu haya yanafichua mambo mazito ya hadithi ya Korra. Asiyeitazama aishie swali la kwanza.

Nilimtazama Aang utotoni, Korra sikumwona. Naweza kuanza moja kwa moja na huu mpya?

Usifanye hivyo. Hadithi mpya inaanza baada ya Korra kufariki, katika dunia aliyoiacha yeye. Aang ana sehemu 61, Korra 52, kila moja dakika 23 hivi. Ukitazama mbili kila jioni, unazimaliza zote kabla ya miezi miwili kuisha.

Muda ukikubana, kwa Aang ruka "The Great Divide", sehemu ya 11 ya Kitabu cha Kwanza (yaani msimu wa kwanza), maana yaliyomo humo hayarudi tena. Kwa Korra ruka "Remembrances", ya 8 katika Kitabu cha Nne: bajeti ilikatwa, wakaunganisha vipande vya zamani. Ila Kitabu cha Pili cha Korra usithubutu kukiruka, hata kama mashabiki wengi wanakiona dhaifu kuliko vingine. Sehemu ya 7 na ya 8 zinaeleza jinsi Wan alivyokuwa Avatar wa kwanza, tena kwa michoro iliyofuata mtindo wa picha za kale za Asia. Bila hizo, swali linalofuata halieleweki.

Je, Aang atamtokea Avatar mpya kumshauri, kama Roku, Avatar aliyemtangulia, alivyomshauri yeye?

Kwa sheria za hadithi zilivyo sasa, hapana. Mwishoni mwa Kitabu cha Pili, Unalaq, baba mdogo wa Korra aliyeungana na Vaatu, roho ya giza, anamng'oa Raava, roho ya nuru inayomfanya mtu kuwa Avatar, kutoka ndani ya Korra na kumpiga mpaka anaangamia. Tazama pale kwa makini: kila pigo linaondoka na Avatar wa zamani, Aang akiwamo, mpaka Wan mwenyewe anatoweka. Baadaye Korra anampata Raava na kuungana naye upya, lakini mnyororo wa waliotangulia haukurudi. Umeanza upya kwa Korra.

Maana yake ni kwamba Avatar mpya, ambaye ni binti, ana mtu mmoja tu wa kumwita, Korra. Na tangazo rasmi linasema dunia imevunjwa na janga kubwa, na jina la Avatar sasa linamtambulisha kama mwangamizi wa wanadamu, si mwokozi wao. Binadamu na mizimu wote wanamwinda, yeye na pacha wake waliyepotezana kitambo. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye utamu wote: mshauri wake pekee huenda ndiye anayelaumiwa kwa maafa hayo. Tunaomba waandishi wasimrudishe Aang kwa njia ya mkato, kwa sababu wataua uzito wa hasara ile.

Mbona mashabiki walijua mapema kwamba atakuwa wa ardhi?

Mzunguko wa kuzaliwa kwa Avatar haubadiliki: moto, hewa, maji, ardhi. Roku alikuwa wa moto, Aang wa hewa, Korra wa maji; anayefuata ni wa ardhi.

Filamu ya Aang ndiyo mwendelezo huu?

La, ni kazi mbili tofauti. Filamu inamhusu Aang akiwa kijana mkubwa, na tarehe yake imesogezwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo usipange ratiba kwa tangazo la zamani. Seven Havens ni ya televisheni: vitabu viwili vya sehemu 13 kila kimoja, jumla 26, chini ya nusu ya zile za Aang.

Wakati mnangoja, someni vitabu vya katuni vilivyoandikwa na Gene Luen Yang na kuchorwa na Gurihiru. Anzeni na The Promise (2012), unaoonyesha makoloni ya Taifa la Moto yalivyozua mgogoro baada ya vita, kisha The Search (2013). Kila hadithi ina sehemu tatu. The Search ndiyo inayojibu mama yake Zuko, mwana wa mfalme wa Taifa la Moto, alikwenda wapi.